Meza ya Kuwekea Moto

Mzee Gia alipostaafu udereva wa malori, mkewe alifurahi siku za mwanzo tu. Baada ya hapo akaanza kumwomba Mungu ampatie mumewe kazi yoyote, hata ya kuhesabu mawingu. Mtu aliyezoea leo kulala hapa na kesho kule hakujua kukaa. Akiketi kwenye kochi, mguu mmoja unatikisika na mkono wa kushoto unapapasa hewani ukitafuta gia. Jina hilo alipewa na vijana wa barabarani, na kumbe lilikuwa limemfuata mpaka sebuleni. Akijilaza mchana, anaamka kabla shuka halijapata joto. Aliipanga stoo, akaipangua, akaipanga tena. Alizitia mafuta bawaba za milango yote mpaka zikaacha kulia, na mkewe akawa anashtuka kumkuta mtu nyuma yake jikoni bila kusikia hatua.

"Baba watoto," alimwambia asubuhi moja, akimpokonya mfuniko wa sufuria, "maharage hayaivi kwa kufunuliwafunuliwa. Nenda kamtembelee binti yako."

"Nilikuwa kwake jana."

"Basi nenda na leo. Jana imeshapita."

Akaenda. Bintiye alikuwa msusi, amepanga chumba kwenye safu ya maduka iliyotazamana na gereji. Mbele ya chumba hicho palikuwa na kibaraza, na pembeni ya kibaraza ndipo mumewe alipochomea nyama. Wateja walimwita Mpole, na hakuna aliyehitaji kuuliza kwa nini. Alikuwa mwembamba, mwenye macho mekundu ya moshi, na angeweza kumhudumia mtu tangu mwanzo mpaka mwisho kwa kutikisa kichwa tu. Jiko lake lilikuwa pipa lililopasuliwa katikati, nusu yake ikalazwa juu ya mawe kama hori la ng'ombe, na wavu juu yake. Kwa kuwa mawe yalikuwa mafupi, Mpole alifanya kazi yake akiwa amekunjika kama kisu cha mfukoni.

Mzee Gia hakumchukia mkwewe. Hakumwelewa tu. Yeye aliyekuwa kiguu na njia maisha yake yote hakuelewa mwanamume anayesimama mahali pamoja kutwa nzima, akigeuza vipande vya nyama, bila hata hamu ya kuchungulia kona ya pili ina nini. Tangu siku ya harusi mazungumzo yao hayakuwahi kuvuka mpaka huu:

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Kazi?"

"Nzuri, baba."

Halafu kila mmoja anatafuta pa kutazama.

Siku hiyo Mzee Gia alikuwa ameingia chumbani kwa bintiye, akatoka, akaingia tena, akasogeza viti visivyohitaji kusogezwa. Kutoka mlangoni akamwona Mpole akidhani yuko peke yake. Kijana aliweka koleo chini, akashika kiuno kwa mikono miwili, akajinyoosha kidogo kidogo kama mtu anayefungua mlango uliokwama. Uso wake ulijikunja. Kisha akainama tena.

"Mgongo unamsumbua?" Mzee Gia akamuuliza bintiye.

"Tangu zamani, baba," alijibu yule binti, vidole vyake vikiendelea kusuka. "Akilala upande huu hageuki mpaka asubuhi. Nimwambie aende akaonwe, anasema utapona wenyewe."

Hapo ndipo wazo lilipomjia. Kwa mara ya kwanza tangu arudishe funguo za lori, Mzee Gia alihisi kitu kikiwaka kifuani, kama injini iliyokubali.

"Nitamtengenezea meza," akasema. "Jiko likae juu, naye asimame kama mtu."

Vidole vya bintiye vilisita. "Meza ya mbao? Ya kuwekea moto?"

"Meza ni meza," alisema mzee, na tayari alikuwa nje.

Akalipima pipa kwa utepe aliouazima gereji. Akampima na Mpole, kuanzia chini mpaka kiunoni, huku kijana amekauka kama nguzo asijue mikono aiweke wapi.

"Unataka iwe namna gani?"

"Vyovyote utakavyoona, baba."

Mzee Gia alilipenda jibu hilo. Hakujua kwamba ndilo litakalomgharimu.

Rafiki yake mmoja alikuwa seremala mwenye karakana nyuma ya soko, mtu mzima wa masikio makubwa na maneno machache, aliyeitwa Fundi Randa. Mzee Gia alimwomba nafasi na vifaa, si msaada. Alijua fundi akishaelewa kazi yenyewe atashika usukani, na yeye atarudi kuwa abiria. Kwa hiyo Randa alipouliza meza ni ya nini, alijibu kwa kifupi kwamba ni ya nyumbani.

Kazi ile ilimponya kwa muda. Alifika karakana kabla ya mwenyewe, akakaa mlangoni akipigapiga funguo gotini. Alichagua mbao ngumu, nzito, akazipiga randa mpaka zikawa laini kama shavu la mtoto, na maranda yakamfunika viatu. Alikata miguu minne minene akaiunganisha kwa mbao za kukingama. Juu alipanga mbao bega kwa bega, kisha katikati akakata tundu refu ambalo pipa lingeingia na kukaa likiwa limeshikwa na ukingo wake, barabara, lisitikisike hata kidogo. Alijivunia sana tundu lile. Alilipima mara nyingi ili pipa na mbao vigusane pande zote pasibaki hata upenyo wa kupitisha kucha. Chini, kati ya miguu, aliweka rafu ya kuwekea gunia la mkaa, ili kijana akihitaji kuongeza mkaa asitembee.

"Tundu hilo ni la nini?" aliuliza Randa, amesimama na kikombe chake cha chai.

"La beseni."

Randa alilizunguka mara moja. "Meza nzuri ya kunawia," akasema, akarudi kwenye kazi zake.

Mwisho Mzee Gia aliipaka vanishi, akaona haitoshi, akaipaka tena. Iling'aa mpaka mtu angeweza kujitazama ndevu.

Aliileta kwa mkokoteni. Watu wa gereji waliacha kazi kutazama. Mpole alifuta mikono kwenye aproni yake, akaisogelea meza, akaiangalia. Macho yake yalikwenda kwenye tundu, yakashuka mpaka kwenye rafu, yakapanda tena kwenye tundu. Akafungua mdomo.

"Unaonaje?" Mzee Gia akawahi.

Mdomo ukajifunga. "Ni nzuri sana, baba. Ahsante."

Mzee alikuwa ameuona ule mdomo ukifunguka. Akadhani ni furaha iliyokosa maneno.

Kesho yake alirudi akitarajia kuona jiko limepanda. Lilikuwa bado kwenye mawe, na meza imewekwa kando, juu yake pamepangwa sahani.

"Vanishi haijakauka vizuri, baba," alisema Mpole akitazama chini.

Siku iliyofuata upepo ulikuwa mbaya. Siku nyingine mkaa ulikuwa umeloa. Mzee Gia alikuja, akazunguka, akaondoka, akarudi kwa kisingizio cha kusahau kofia. Nyumbani hakula vizuri. Mkewe akamuuliza ana nini, akasema hana kitu, akainuka kwenda kutazama kama geti limefungwa, akiwa ametoka kulifunga.

"Labda hiyo meza haimfai," mkewe alisema.

"Kasema mwenyewe ni nzuri sana."

"Ulitaka mkwe wako akwambie nini?"

Jumamosi mchana akaenda mapema, akakuta Mpole amekwenda kununua nyama na bintiye ana wateja wawili wanaongoja. Roho ya safari ikampanda. Akaita mafundi wawili wa gereji, wakaliinua pipa, wakalishusha ndani ya tundu. Liliingia kama mguu katika kiatu cha zamani. Akaweka gunia la mkaa kwenye rafu, akaukoka moto yeye mwenyewe, akaupepea kwa kipande cha boksi mpaka ukakolea. Mpole alipotokea na nyama yake mabegani, moto ulikuwa unawaka, na baba mkwe wake amesimama kando ya meza na mikono nyuma, kama dereva anayesubiri abiria wapande.

Mpole alisimama. Alitazama moto, akamtazama mkewe mlangoni, na mkewe akatazama pembeni.

"Ahsante, baba," akasema.

Akaanza kazi. Wateja wakaja, maana Jumamosi mafundi walipokea ujira wao na njaa yao ilikuwa ya wiki nzima. Mpole alifanya kazi amenyooka, na watu wakamtania kwamba kumbe ni mrefu. Jambo moja tu lilikuwa la ajabu: aliweka ndoo ya maji karibu na mguu wake, na kila alipopata nafasi alichota kwa mkono akarushia mbao za kandokando ya pipa. Zilitoa mvuke. Mzee Gia aliona, akafikiri ni usafi.

Akaketi kwenye benchi. Mguu haukutikisika. Alikuwa akimsimulia fundi mmoja wa gereji jinsi alivyopata mbao zile, ndipo aliposikia harufu tamu, nzito, ambayo haikuwa ya nyama. Vanishi ilikuwa inatoa malengelenge. Ukingo wa tundu ulikuwa umekuwa mweusi, na moshi mwembamba ulikuwa unapanda kutoka chini, si juu. Pipa lile lilikuwa na matundu chini ya kuvutia hewa, na kupitia matundu hayo vipande vya makaa ya moto vilikuwa vikidondoka kimoja kimoja, taratibu, moja kwa moja ndani ya gunia la mkaa alilolipanga yeye mwenyewe.

Gunia likashika moto kwa mkupuo.

Mzee Gia hakufikiri. Aliruka kutoka kwenye benchi, akapiga magoti, akaingiza mikono chini ya meza kulivuta gunia. Juu yake mbao zilizoungua zilianza kulia, kwa sauti ndogo kama ya kiti kinachokaliwa na mtu mnene.

"Toka hapo wewe mzee!"

Hakuwahi kuisikia sauti ile. Mkono ulimkamata ukosi wa shati, ukamng'oa pale alipokuwa na kumtupa nyuma, akaanguka kwa makalio katikati ya barabara ya vumbi. Papo hapo ukingo wa tundu ukakatika, na pipa zima lenye moto likaporomoka juu ya rafu, mahali ambapo kichwa chake kilikuwa. Makaa yakatapakaa. Mpole alirudi nyuma akiwa ameshika mkono wake wa kulia.

Watu wa gereji wakaja na mchanga, wakaumwaga mpaka ukabaki moshi. Mzee Gia alikuwa bado chini, kofia imetoka, na mbele yake amesimama mkwewe, akiutazama mkono wake mwenyewe kana kwamba ni wa mtu mwingine. Ngozi ilikuwa imebabuka kutoka kiganjani mpaka karibu na kiwiko.

"Nisamehe, baba," alisema Mpole. "Nimekushika. Nimekutupa chini mbele za watu."

Bintiye alikwishatoka na kitambaa kilicholowa maji, akamfunika mumewe mkono, akampeleka zahanati. Kitana kilibaki kimening'inia kwenye nywele za mteja aliyemwacha kwenye kiti.

Mzee Gia alifika nyumbani na kukuta habari zimemtangulia. Mkewe hakumlaumu. Alimletea maji ya kunawa, akambandua chembe za mkaa zilizoganda kwenye mkono wa shati. Kutolaumiwa huko kulimkera kuliko maneno. Kila alipoketi aliona lile pipa likishuka. Kila aliposimama aliona mkono uliobabuka. Kesho yake alitoka kwenda kumwona mkwewe, akafika kona ya mwisho, akaona mlango wa msusi umefungwa na mawe ya jiko yako matupu, akageuka. Siku ya pili akaona mlango uko wazi. Akageuka vilevile. Alijiambia kijana hataki kumwona, na nani angemlaumu? Yeye ndiye aliyemharibia mkono, akamharibia kazi, akamwaibisha mbele ya wateja wake. Bintiye alipopiga simu alimpa mama yake aongee, yeye akaenda kupanga stoo.

"Mkwe wako hali chakula," mkewe alimwambia baada ya simu. "Anasema amemtupa baba yake chini, hajui ataweka wapi uso."

"Anasema hivyo kwa adabu tu."

"Na wewe, kwa nini humwambii kitu?"

Alikaa na swali hilo mpaka asubuhi. Kulipopambazuka alimpigia simu kijana aliyekuwa utingo wake, msaidizi wake wa lori kwa muda mrefu, ambaye sasa ndiye aliyekabidhiwa lori lile lile. Kijana alikuwa anaondoka na mzigo. Mzee Gia aliomba lifti, hakusema ya kwenda wapi. Alichukua kikoba chake cha safari kilichokuwa bado nyuma ya mlango, akamwambia mkewe kwamba anakwenda kunyoosha miguu.

Lori lilipoingia barabara kuu, alisubiri ile raha ya zamani. Haikuja. Kiti cha abiria kilikuwa chini kuliko alivyokumbuka. Kijana aliendesha vizuri, na hilo nalo lilimchoma. Kwenye kila mteremko mguu wa mzee ulikanyaga sakafu ukitafuta breki.

"Mzee," alisema kijana, "utanitobolea gari."

Mzee Gia akaukunja mguu. Kisha akamsimulia yote: meza, tundu, rafu, moto, mkono. Alieleza kwa hasira, kama mtu anayeshtaki. "Alikuwa anaona. Ndoo ya maji aliweka ya nini? Aliona tangu mwanzo, akaninyamazia. Kwa nini mtu asiseme?"

Kijana alibadilisha gia, akatazama kioo, akacheka kidogo kwa pua.

"Wewe mzee nani angekwambia kitu? Mimi humu humu ndani, ukikosea njia, nilikuwa nasubiri tusimame, ule, ushibe, ndipo nikuulize kwa upole kama labda tumepita ile njia panda. Na wakati huo tumeshapotea sana."

"Mimi nilikuwa hivyo?"

"Ulikuwa mwalimu mzuri sana, mzee."

Mzee Gia aligeuza shingo akamtazama. *Nzuri sana, baba.* Ilikuwa sauti ile ile. Akatazama nguzo za umeme zinavyopita. Walipofika kituo cha mafuta alishuka kabla injini haijazimwa, akachukua kikoba chake.

"Kuna gari la kurudi hapa?"

"Mzee, hata hatujafika nusu."

"Najua. Nimepita njia panda."

Alirudi nyuma ya pikapu ya mtu wa vitunguu, amekaa juu ya magunia, upepo ukimpiga usoni. Alipofika mjini hakupita kwake. Alikwenda moja kwa moja kwa bintiye, hakusita kwenye kona, kwa sababu alijua akisita atageuka.

Mpole alikuwa uani, nyuma ya chumba cha kusukia, anafagia kwa mkono wa kushoto, wa kulia umefungwa bendeji nyeupe. Alipomwona aliangusha ufagio na kuanza kuinama.

"Baba, nisamehe—"

"Nimekuja kukuomba radhi," alisema Mzee Gia wakati huohuo.

Maneno yao yakagongana. Binti alichungulia dirishani, akarudi ndani, lakini hakwenda mbali.

"Ulinitoa kwenye moto," mzee alisema. "Mtu hamwombi msamaha mtu aliyemtoa kwenye moto. Kaa chini. Nakuuliza kitu, na usinipe jibu la mkwe. Uliona kwamba meza itaungua?"

Mpole alitazama bendeji yake. "Niliona, baba."

"Lini?"

"Ulipokuwa unaishusha kwenye mkokoteni."

"Kwa nini hukuniambia?"

Kuku akapita kati yao, akadonoa, akaenda zake.

"Ningekwambiaje, baba?"

"Nilitaka nikwambie mimi," binti alisema kutoka dirishani. "Nikakuona unaifuta meza kwa kitambaa huku unaimba. Nikashindwa. Tumekosea wote."

"Heshima si utumwa," mzee alisema, ingawa alilisema taratibu, kama mtu anayejaribu kama daraja litambeba. "Sasa niambie. Ile meza ilikuwa na kasoro gani? Zote."

Mpole alianza kwa shida. Mbao hazikupaswa kugusa chuma, alisema, bali kuwe na upenyo wa kupitisha hewa pande zote. Mzee akaitikia. Na mkaa haukupaswa kukaa chini ya matundu. Mzee akaitikia tena. Hapo kijana akavuta pumzi, na kitu ndani yake kikafunguka ambacho mkewe mwenyewe hakuwa amewahi kukisikia. Meza ilikuwa pana kiasi kwamba hafiki upande wa pili bila kuweka tumbo motoni. Iliwekwa kimo cha kiuno, lakini pipa halikuzama lote tunduni, kwa hiyo wavu ulifika kifuani na moshi wote ukamwingia machoni. Hapakuwa na mahali pa kukatia nyama. Hapakuwa na njia ya kutoa majivu bila kuliinua pipa zima. Vanishi ilikuwa inanuka na wateja wawili walisema nyama ina ladha ya kabati. Na ilikuwa nzito, mvua ikinyesha ataiingizaje ndani peke yake?

Mzee Gia alihisi kila neno likimgonga. Kwenye lile la kabati aliinuka. Alitembea mpaka kwenye ukuta wa ua, akaugusa, akazunguka mtungi wa maji. Mpole akaishia hapo.

Mzee akarudi, akaketi. "Endelea."

"Nimemaliza, baba."

"Hujamaliza. Naona mdomo haujajifunga."

"Miguu," alisema Mpole kwa sauti ndogo. "Miguu ilikuwa mizuri. Miguu haikuungua."

Ilikuwa kweli. Ile miguu minne minene ilikuwa imeegemezwa nyuma ya chumba cha msusi, imeingia moshi tu. Wakaibeba mpaka karakana, mzee mitatu na Mpole mmoja kwenye bega la kushoto. Fundi Randa aliitazama, akamtazama Mzee Gia.

"Kumbe halikuwa beseni," akasema.

Safari hii mzee alieleza yote, na ikawa kama alivyohofu: Randa alishika usukani. Aliagiza vipande vya chuma cha pembe, ili pipa likalie chuma na lisizifikie mbao, nafasi ya vidole viwili ikibaki wazi kila upande. Akataka bati lipigiliwe kwenye mbao zote zinazotazama moto, na nyuma ya bati hilo vipande vidogo vya vigae vya kulitenganisha na mbao. Chini ya matundu wakaweka sinia la kuvuta, la kupokea makaa na majivu. Mkaa ulipewa debe lake lenye mfuniko, mbali. Mpole, ambaye hakuweza kushika nyundo, alisimama na kusema. Alisema kimo kipungue. Mzee akasema kikipungua mgongo utarudi kule kule. Wakabishana mpaka Randa akatoka nje kunywa chai yake kwa amani. Mwishowe Mpole aliomba ubao, akauweka juu ya matofali, akaongeza na kupunguza huku akijifanya anageuza nyama, mpaka akasema hapa. Palikuwa chini kuliko alivyotaka mzee na juu kuliko alivyosema mwenyewe.

Walibishana pia juu ya magurudumu. Mpole aliyataka kwenye miguu miwili ya upande mmoja, aweze kuinua upande wa pili na kuivuta kama toroli. Mzee, mtu wa magurudumu tangu ujana, alisema moto haupewi magurudumu. Siku iliyofuata alikuja nayo mkononi, yametoka kwenye kitanda kibovu cha zahanati, akayatupa juu ya meza bila kusema neno.

Haikung'aa meza ile. Ilipakwa mafuta tu, na ilikuwa na mabati na skrubu kila mahali kama mtu aliyetoka vitani. Walipoianzisha, Mpole alikuwa bado na bendeji nyembamba. Mzee Gia hakuweza kuketi. Kila mara aliingiza kiganja chini ya mbao kuona kama zimepata joto, kama mama anayempima mtoto homa. Akatoka, akaenda mpaka mwisho wa gereji, akarudi, akaingiza kiganja. Mbao zilikuwa za baridi. Hakuziamini. Akauliza kama sinia limejaa, akalivuta mwenyewe, akalirudisha. Wateja walilazimika kumpisha.

Mkewe alikuja alasiri kuona kazi ile iliyomwondolea mtu nyumbani. Aliizunguka meza, akaisifu, akapokea kiti kutoka kwa bintiye. Halafu akamtazama mkwewe, aliyekuwa akimzunguka mzee upande huu na huu ili aufikie wavu wake.

"Mwanangu," akamuuliza, "huyu mzee anakusumbua?"

Msusi aliacha kusuka. Fundi mmoja wa gereji aliacha kutafuna. Mpole aligeuza kipande kimoja, akakigeuza kingine, akanyoosha mgongo.

"Ananisumbua, mama," akasema. "Tangu asubuhi."

Mama mkwe alimgeukia mumewe. "Umesikia?"

"Nimesikia," alisema Mzee Gia.

Akachukua kofia yake, akasema anakwenda karakana kumuuliza Randa kama vimebaki vigae, na kabla ya kuondoka akapitisha kiganja chini ya mbao kwa mara nyingine, haraka, upande ambao Mpole hakuwa anatazama.